MAISHA YA ERNIE DAVIS, MCHEZAJI WA SYRACUSE



Vijana wa kwaya wametuuliza mara nyingi kwa nini katika ukurasa huu wa maisha ya watu tunaandika habari za maaskofu na wamisionari tu, wala hatujaandika hata siku moja habari za mchezaji. Swali lao ni la haki. Basi safari hii tumeona vema kuwaletea maisha ya kijana mmoja wa Marekani, Ernie Davis, aliyecheza mpira katika Chuo Kikuu cha Syracuse wakati timu ya chuo hicho ilipotwaa ubingwa wa nchi nzima mwaka 1959, naye akafariki mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 23. Kwao jina lake hutajwa hata leo. Huku kwetu hajulikani, na sisi wenyewe tulimjua kwa kuchelewa, kwa njia ya filamu iliyotolewa mwaka 2008 ambayo mwanafunzi wetu wa zamani alituletea tuitazame. Tuliitazama mara mbili, kisha tukatafuta kusoma habari zake, maana mwalimu hata akistaafu hawezi kuacha kusahihisha. Na ya kusahihisha yalikuwamo, kama tutakavyoona.

Kwanza yatupasa kueleza mpira wenyewe, asije msomaji akadhani ni kabumbu hii tunayoicheza Jorodom. Mpira wa Wamarekani una umbo la yai, na hushikwa mikononi. Kila upande una wachezaji 11. Uwanja ni yadi 100 toka mstari wa mwisho wa huku hadi ule wa kule. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10; ikiweza, hupewa nafasi nyingine nne; ikishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Anayeuvusha mpira mstari wa mwisho wa upande wa pili huipatia timu yake pointi 6, kisha timu hiyo hujaribu kuongeza pointi moja au mbili. Wachezaji huvaa kofia ngumu na kujifunga mito mabegani, kwa kuwa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini ni halali kabisa. Wale waliokulia upande wa Basotu wanawakumbuka Wakanada waliokuja zamani kwenye mashamba ya ngano ya Hanang. Sisi tulipokuwa wadogo tuliwaona wawili wao jioni moja wakirushiana mpira wa namna hiyo. Tulicheka sana, tukadhani mpira wao umekanyagwa na trekta.

Ifahamike pia kwamba kwa Wamarekani mpira wa vyuo ni jambo kubwa. Timu yetu ya chuo cha ualimu ilipocheza, watazamaji walikuwa wanachuo wenyewe, wapishi, na watoto wa jirani waliokaa juu ya ukuta. Kule, mechi ya vyuo viwili vyenye sifa huweza kukusanya watu zaidi ya 70,000, na ndivyo ilivyokuwa hata miaka ile ya hamsini.

Ernie Davis alizaliwa tarehe 14 Desemba 1939 huko New Salem, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alifariki katika ajali kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Marie, alikuwa bado msichana mdogo, hakuwa na uwezo wa kumlea peke yake. Kwa hiyo mtoto alipopita kidogo umri wa mwaka mmoja alipelekwa Uniontown kwa babu na bibi yake mzaa mama, Willie na Elizabeth Davis. Huko ndiko alikokulia hadi alipofika miaka 12. Hapa hatuna haja ya kueleza mengi, maana ni nyumba ngapi katika mtaa wetu zenye wajukuu wanaolelewa na wazee! Lililo tofauti ni kwamba alikuwa na kigugumizi kikubwa. Walimu wenzetu wanajua mtoto wa namna hiyo anavyokaa darasani: jibu analo, lakini mkono hauinui. Ernie alikua mpole, msikilizaji kuliko msemaji, na upole huo haukumtoka hata alipokuwa mtu wa kuandikwa magazetini.

Alipotimiza miaka 12 alikwenda kuishi na mama yake, aliyekuwa ameolewa, katika mji wa Elmira, jimbo la New York. Huko akaingia katika timu za watoto. Alikuwa mkubwa wa mwili na mwenye nguvu kuwazidi wa rika lake. Husimuliwa huko Elmira kwamba alipomkamata mtoto mdogo mwenye mpira, hakumbwaga chini kama mchezo unavyoruhusu, bali alimshika akamzuia akiwa wima, asije akamwumiza. Sisi tuliowahi kusimamia michezo ya watoto tunajua habari kama hiyo ni adimu. Kwa kawaida mtoto mwenye nguvu hujua kwanza kwamba anazo, ndipo baada ya miaka mingi hujua kwamba wenzake wanaumia.

Katika shule yake ya sekondari, Elmira Free Academy, alicheza mpira huo wa mikono, alicheza besiboli, na alicheza mpira wa kikapu. Katika kikapu timu yao ilishinda mechi 52 mfululizo. Vyuo vingi vikamtaka. Mwalimu wa timu ya Syracuse, Ben Schwartzwalder, alikuwa askari wa miavuli katika Vita Kuu ya Pili, mmoja wa wale walioruka Normandy mwezi Juni 1944, na mtu wa namna hiyo hakuwa mwepesi wa kukata tamaa. Alikwenda Elmira mara kwa mara. Tena akamtumia Jim Brown aende kumshawishi kijana. Huyu Brown ndiye aliyekuwa mchezaji hodari kuliko wote waliopita Syracuse, naye alikuwa Mweusi. Miaka yake ya kwanza chuoni hapo aliionja baridi ya ubaguzi kwa wanadamu kuliko ile ya theluji. Hata hivyo alimshauri mdogo wake aende. Davis akakubali, akapewa jezi namba 44, ile ile aliyoivaa Brown.

Alijiunga na chuo mwaka 1958. Siku hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza katika timu kubwa ya chuo, basi akangoja mpaka mwaka 1959.

Sasa tufike kwenye mwaka huo. Tutaeleza mechi zake kidogo, wapenda michezo watatusamehe kwa ufupi na wasiopenda watatusamehe kwa urefu. Syracuse walianza kwa kuwafunga Kansas 35 kwa 21. Wakawafunga Maryland 29 kwa 0, Navy 32 kwa 6, Holy Cross 42 kwa 6. Kisha wakawafunga West Virginia 44 kwa 0. Hapa ndipo penye kosa la ile filamu. Filamu inaonyesha mechi hiyo ikichezwa ugenini, watu wa West Virginia wakiwatupia wachezaji weusi vitu na matusi. Kumbe mwaka ule mechi hiyo ilichezwa Syracuse, uwanja wa nyumbani. Watu wa West Virginia walinung'unika, na kwa hilo walikuwa na haki. Dhambi halisi za wakati ule zilikuwa nyingi za kutosha. Hapakuwa na haja ya kuwabambikia watu nyingine.

Wakaendelea. Pittsburgh 35 kwa 0. Halafu wakaenda kwa Penn State, na siku hiyo ubingwa uliponea chupuchupu. Syracuse walishinda 20 kwa 18. Tazameni hesabu hiyo: Penn State waliuvusha mpira mstari wa mwisho mara tatu, sawasawa na Syracuse, lakini mara zote tatu walishindwa kupata pointi za nyongeza. Syracuse waliambulia mbili. Dakika za mwisho waliushika mpira wakasogea nao hatua kwa hatua wasiuachie, mpaka saa ikaisha. Baada ya hapo Colgate walichapwa 71 kwa 0, na Boston 46 kwa 0, na mwishoni Syracuse wakavuka nchi nzima hadi Los Angeles wakawafunga UCLA 36 kwa 8. Mechi 10, wote wameshindwa. Pointi 390 dhidi ya 59, na timu tano hazikupata hata pointi moja. Huko ubingwa wa vyuo siku zile haukutafutwa kwa fainali. Waandishi wa habari na makocha walipiga kura, na kura zikaiweka Syracuse ya kwanza. Davis alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa timu kubwa, hajatimiza hata miaka 20.

Ilibaki mechi moja ya heshima, iliyochezwa Dallas, Texas, tarehe 1 Januari 1960. Wapinzani walikuwa Chuo Kikuu cha Texas, timu ya nne kwa ubora nchini. Timu hiyo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, wala haikuwa naye kwa miaka kumi iliyofuata. Dallas ulikuwa mji wa ubaguzi wa wazi: mahali pa kula pa Weupe, mahali pa Weusi. Syracuse walikuwa na wachezaji weusi watatu, Ernie Davis, Art Baker na John Brown. Siku chache kabla ya mechi Davis aliumia msuli wa nyuma ya paja, na haikujulikana kama ataweza kukimbia.

Mechi ilipoanza tu, nahodha wao, Gerhard Schwedes, alipewa mpira kana kwamba anataka kukimbia nao, kisha ghafla akaurusha mbali. Davis akaudaka, akakimbia na lile paja bovu hadi mwisho wa uwanja. Zilikuwa yadi 87 tangu pale mchezo ulipoanzia. Baadaye akavusha mpira mara ya pili. Tena, kwa kuwa siku hizo mchezaji yule yule alishambulia na kulinda, aliunyakua mpira uliorushwa na Texas, na unyakuzi huo ukazaa pointi nyingine. Karibu na mapumziko ngumi zilizuka uwanjani, na wachezaji wa Syracuse walisema zilianzishwa na maneno ya kuwatukana Weusi. Mwisho wa yote Syracuse 23, Texas 14. Davis akachaguliwa mchezaji bora wa siku.

Usiku ikawa karamu ya kuwapa wachezaji zawadi zao. Na hapa, wasomaji wapendwa, ndipo tulipoisimamisha filamu, tukatoka nje kuvuta hewa. Wale wachezaji weusi watatu walijulishwa kwamba hawataruhusiwa kukaa hadi mwisho wa karamu pamoja na wenzao. Davis, mchezaji bora wa siku, angepokea zawadi yake kisha aondoke. Nahodha Schwedes aliona afadhali timu nzima iondoke pamoja nao. Lakini haikuwa hivyo. Watatu waliondoka, wakachukuliwa na watu weusi wa Dallas waliowapokea kwao, na timu ikabaki mezani.

Tulikusudia kuyapita maneno haya haraka, lakini dhamiri imekataa. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado tunafundisha katika chuo cha ualimu na tumekabidhiwa timu ya mpira, tulisafiri na vijana kwa lori kwenda kucheza katika mji mmoja ambao hatutautaja. Mchezaji wetu hodari alikuwa kijana wa Kibarbaig, mwenye chale za duara kuyazunguka macho kama wazee wake. Alifunga magoli mawili, tukashinda. Jioni wenyeji wakatuandalia wali na nyama ya mbuzi. Mwenyeji mmoja akamtazama kijana yule usoni, akafanya mzaha juu ya ng'ombe na mikuki, watu wakacheka. Kisha akamwambia achukue sahani yake akale nje na utingo wa lori, kwa sababu viti havitoshi. Viti vilitosha. Tuliviona kwa macho yetu, vitatu, vimeegemezwa ukutani. Kijana akainuka bila neno, akatoka. Na sisi, mwalimu wake, tulibaki tumeketi. Tulijiambia kwamba sisi ni wageni, kwamba tukiondoka tutaharibu siku, kwamba pengine kijana mwenyewe amekwisha kuzoea. Tukaumaliza wali wetu.

Asubuhi, kwenye lori, aliimba na wenzake kama kawaida. Hakutuambia kitu siku ile wala baadaye. Alifuzu, akapangiwa shule, akaenda zake. Kwa hiyo tunaposoma habari za wale vijana weupe wa Syracuse waliobaki mezani Dallas, hatuna jiwe la kuwarushia. Walikuwa na miaka 20 au 21. Sisi tulikuwa na zaidi ya 30, tena tulikuwa tunasomesha somo la malezi.

Wapo waliomlaumu Davis kwa upole wake. Wanasema angekataa zawadi ile mbele ya watu wote, ili Dallas waone haya. Jim Brown, kwa mfano, hakuwa mtu wa kunyamaza, na baadaye alikuwa mmoja wa wanamichezo waliosema kwa sauti kubwa juu ya haki za Weusi. Sisi hatuoni kwamba mmoja alikuwa shujaa na mwingine mwoga. Kijana wa miaka 20 aliyetoka katika chumba kile akiwa ameshika zawadi yake, asirushe kiti wala kulia, aliwaachia wote waliobaki ndani jambo la kufikiri. Aibu haikuwa yake kuibeba. Lakini twasema pia kwamba upole wa mwenye kuonewa haumpi mtu mwingine ruhusa ya kunyamaza, na hilo tumejifunza tukiwa tumekwisha kuchelewa.

Alicheza miaka miwili mingine. Alipomaliza, alikuwa amekimbia na mpira jumla ya yadi 2,386, akazipita rekodi za Jim Brown chuoni hapo, na alikuwa amevuka mstari wa mwisho mara 35. Mwishoni mwa mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Heisman. Hii hutolewa kila mwaka, tangu 1935, kwa mchezaji wa chuo aliye bora kuliko wote katika Marekani. Hakuna Mweusi aliyekuwa ameipata kabla yake. Jim Brown mwenyewe, mwaka 1956, alipigiwa kura zikamweka nafasi ya tano, na wengi waliona wazi kwamba kilichomponza ni rangi yake.

Davis alikwenda New York kupokea tuzo hiyo mwanzoni mwa Desemba 1961. Rais John Kennedy alikuwa mjini siku hiyo kwa shughuli zake, akaomba kuonana naye, wakapeana mikono. Sisi Watanzania tutazame kalenda kidogo. Siku chache tu baada ya hapo, tarehe 9 Desemba, bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa, na mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro. Mpaka mwaka ule hapa kwetu shule zilikuwa za rangi tatu: za Wazungu, za Waasia, na za Waafrika, na za Waafrika ndizo zilizokuwa na madawati machache kuliko zote. Mfumo huo wa kutenga watoto ulifutwa kuanzia Januari 1962. Kwa hiyo habari ya meza ya Dallas wazee wetu wangeielewa bila kueleweshwa.

Vilabu vya mpira wa kulipwa vilimgombea. Klabu ya Washington ilimchagua wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote waliomaliza vyuo, na hakuna Mweusi aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza kabla yake. Lakini hiyo ndiyo klabu iliyobaki peke yake katika ligi bila mchezaji mweusi, kwa ukaidi wa mwenyewe, George Preston Marshall. Serikali ilikuwa imembana: uwanja mpya aliotaka kuutumia ulikuwa kwenye ardhi ya umma, naye akaambiwa aondoe ubaguzi au autafute uwanja mwingine. Marshall akambadilisha Davis na klabu ya Cleveland, akapewa wachezaji wengine badala yake, akiwamo Bobby Mitchell, Mweusi pia. Davis akafurahi, maana Jim Brown alikuwa Cleveland. Watu wakaanza kuhesabu mechi watakazoshinda wawili hao wakicheza pamoja. Mwaka huo huo wa 1962 Davis alihitimu Syracuse, na wenzake walimpa heshima ya kuwaongoza kwenye maandamano ya mahafali.

Hawakucheza pamoja hata dakika moja. Mwezi Julai 1962, alipokuwa Chicago akijiandaa kwa mechi ya wachezaji bora wa vyuo, alijisikia vibaya, mwili umechoka, shingo imevimba. Akapelekwa hospitali. Madaktari waligundua kwamba ana saratani ya damu, ya aina iliyo kali. Yeye mwenyewe hakuambiwa jina la ugonjwa mpaka mwezi Oktoba. Miezi hiyo yote alikuwa anauliza ni lini ataanza kucheza.

Dawa za wakati ule zilituliza ugonjwa kwa muda mfupi tu. Akapata nafuu, akarudi mazoezini, akaonekana mzima. Mwenye klabu, Art Modell, alitaka apewe nafasi acheze. Kocha Paul Brown akakataa katakata. Twaelewa pande zote mbili, ingawa mioyo yetu imeegemea upande wa kijana aliyetaka kucheza. Walichomfanyia ni hiki: usiku mmoja wa mechi ya kirafiki, kabla ligi haijaanza, jina lake lilitangazwa, naye akakimbia kuingia uwanjani Cleveland, taa moja ikimfuata. Watu wakasimama wakashangilia. Akafika walipo wenzake, basi. Hiyo ndiyo siku ya pekee aliyokanyaga uwanja ule mbele ya watazamaji akiwa mchezaji wa Cleveland.

Mwezi Machi 1963 gazeti moja kubwa la Marekani lilitoa makala yenye jina lake. Ndani yake alieleza kwamba hajihesabu kuwa mtu mwenye bahati mbaya, kwa sababu amepata katika miaka yake michache mengi ambayo wengine hawayapati katika miaka mingi. Tumewahi kuketi kando ya vitanda vya wagonjwa wengi wa usharika huu, nasi tunajua kwamba wengine husema hivyo ili kuwafariji waliobaki. Yawezekana hata yeye. Lakini wote waliokuwa naye karibu miezi ile, akiwamo John Brown waliyekaa nyumba moja huko Cleveland, walishuhudia kwamba hakunung'unika.

Katikati ya Mei alipita ofisini kwa Modell. Alimweleza kwamba anarudi hospitali kwa siku chache, akaomba radhi kwa gharama na usumbufu aliowaletea. Akaenda hospitali kwa miguu yake. Tarehe 18 Mei 1963 akafariki.

Mwili ulirudishwa Elmira. Watu wapatao 10,000 walipita mbele ya jeneza lake, Weusi na Weupe katika mstari mmoja, katika mji usio mkubwa. Bunge la Marekani likamkumbuka, na Rais Kennedy akatuma salamu za rambirambi. Miezi sita baadaye naye aliuawa, huko huko Dallas. Davis alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, Elmira, alikozikwa pia mwandishi Mark Twain, na shule aliyosoma ilipewa jina lake na kujengewa sanamu yake.

Jambo moja la mwisho kwa ajili ya wapenda michezo. Kabla hajafa, Davis alikuwa amekutana na kijana mmoja, Floyd Little, akamshauri aende Syracuse kama Jim Brown alivyomshauri yeye. Kijana hakuwa ameamua. Siku aliyosikia habari za msiba akaamua, akaenda, akavaa namba 44, akawa mchezaji mkubwa. Mwaka 2005 chuo kiliistaafisha jezi hiyo, asiivae mtu mwingine. Cleveland nao walikuwa wamekwisha kuistaafisha jezi yao namba 45, aliyopewa Davis. Hiyo haijawahi kuvaliwa naye katika mechi hata moja. Mbele ya watazamaji wa Cleveland alikimbia usiku ule mmoja tu, toka mlangoni hadi walipo wenzake.